Daktari Aliponiuliza Mbele ya Mume Wangu

Ofisi yetu iko ghorofa ya nne na lifti ya jengo lile ina siku zake za kufanya kazi. Wale mnaotuletea matangazo mnaijua vizuri. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nafika juu nahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, halafu nasimama kwanza kwenye korido, najifanya natafuta simu kwenye pochi mpaka pumzi irudi. Ikirudi naingia ndani na tabasamu langu, habari za asubuhi jamani.

Sababu nilikuwa nazo tele. Nimenenepa baada ya harusi. Nakaa kwenye foleni masaa mawili kila siku. Tukifunga toleo nalala saa nane usiku. Shosti wangu mmoja akaniambia ni uvivu tu, nianze gym. Nikaanza, nikaacha wiki ya pili kwa sababu moyo ulikuwa unadunda mpaka naona nyota. Kuna zahanati moja niliyokwenda wakanisikiliza kifua dakika mbili, wakaniambia ni pumu. Nilitembea na kile kipulizio mwaka mzima. Nakivuta, nangojea, hakuna kinachobadilika, na mimi nikajiaminisha kwamba bila hicho ningekuwa na hali mbaya zaidi. Binadamu bwana!

Kilichonitoa usingizini si maumivu. Ni mipango ya mtoto. Tulikuwa tumetimiza miaka mitatu ya ndoa, shangazi yake mume wangu akipiga simu hamalizi salamu kabla ya kuuliza "mbona kimya, mwanangu?", na sisi wenyewe tulikuwa tumekubaliana muda umefika. Mume wangu ni mtu wa mahesabu, hasafiri kwenda Mwanza bila kupeleka gari kwa fundi. Akasema kabla hujaacha vidonge vya uzazi wa mpango, twende wote wawili tukapime afya, kuanzia kichwa mpaka unyayo. Nikacheka. Nikaenda.

Picha yake ya kifua ilikuwa safi. Yangu daktari aliiangalia, akairudisha kwenye mwanga, akaiangalia tena. Akanituma kwenye CT-Scan, na majibu yalipotoka akasema hivi, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesoma bili ya maji: "Mshipa wako mkuu unaopeleka damu kwenye mapafu umetanuka. Milimita 36. Kwa mwanamke tunatarajia usizidi kama 27."

Nikamuuliza, huo ni ugonjwa gani? Akasema, huo si ugonjwa, ni alama. Kazi yetu ni kutafuta nani anausukuma.

BOMBA LA MAJI

Alichukua karatasi ya maabara, akaigeuza nyuma, akachora. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, ndiyo ile presha tunayopimwa mkononi, 120 kwa 80. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni tu, hapo jirani, ikachukue hewa safi na kurudi. Kwa kuwa safari ni fupi, presha ya huko ni ndogo mno. Wastani wake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 14 za zebaki, na kuta za mishipa hiyo ni nyembamba, hazikujengwa kwa ajili ya vurugu. Sasa fikiria bomba laini la maji, akasema. Litavimba kwa mambo matatu. Maji yanayoingia yawe mengi kuliko kawaida. Au mbele kuwe na kizuizi, maji yarudi nyuma. Au bomba lenyewe liwe bovu, kuta zimelegea au zimeliwa.

Kwa hilo la tatu alinipa mfano mmoja ulionisisimua mwili. Mtu mwenye TB ya muda mrefu anaweza kupata shimo kwenye pafu, na mshipa uliopita pembeni ya shimo hilo ukaliwa ukuta wake taratibu, ukavimba kama puto dogo. Siku likipasuka mtu anakohoa damu nyingi kwa ghafla. Lakini lililomshughulisha kwangu ni mawili ya kwanza, maji mengi au kizuizi. Na ili kujua, ikabidi aniulize maisha yangu yote.

Mume wangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni, funguo za gari mkononi. Yeye ndiye aliyetaka tuingie wote.

MASWALI

Utotoni uliwahi kuumwa koo sana, halafu magoti na viwiko vikavimba kwa kupokezana? Nikasema sikumbuki. Akaeleza kwa nini anauliza. Kuna bakteria wa kooni ambao mwili ukipigana nao, kwa baadhi ya watoto hupigana mpaka na vali za moyo wa mtoto mwenyewe. Miaka inapita, vali ya upande wa kushoto inasinyaa na kuwa nyembamba, damu inayotoka mapafuni inakosa njia ya kuingia. Ni kama ajali ikitokea Ubungo, foleni inafika Kimara. Mishipa ya mapafu inajaa, inatanuka. Ukanda wetu huu una wasichana wengi wanaoishi nayo bila kujua, na wengine hugundulika wakiwa na mimba ya miezi sita au saba, kwa sababu mjamzito huongezeka damu kwa karibu asilimia 40 hadi 50, na vali iliyokuwa inavumilia inashindwa.

Umekulia wapi? Mwanza, nikasema, na likizo zote Ukerewe kwa babu. Mliogelea ziwani? Swali gani hilo! Tuliogelea, tukafua, tukachota maji, tukarudi kuogelea. Akaandika kitu. Kumbe kichocho nacho kimo kwenye orodha, tena ni moja ya sababu kubwa duniani. Ile aina ya tumboni, minyoo yake huishi kwenye mishipa inayozunguka utumbo, mayai yanasafiri mpaka kwenye ini na kuliacha na makovu. Damu inapokuta ini limeziba, inatafuta njia za panya, na mayai yanapita nayo mpaka mapafuni. Huko yanasababisha mishipa midogo kuvimba na kukakamaa, na ile mikubwa ya nyuma yake kutanuka. Nilikumbuka nilipewa dawa ya kichocho mara moja tu, nikiwa darasa la sita.

Akaendelea. Homa ya ini? Pombe? Ini likiharibika sana, mishipa midogo kabisa ya mapafu, ile inayopitisha chembe za damu kwa foleni ya mmoja mmoja, inaweza kufunguka ikawa mipana kupita kiasi, damu ikapita mbio bila kuchukua hewa. Wagonjwa wa namna hiyo wana jambo la ajabu, wakilala wanapumua vizuri kuliko wakikaa au kusimama. Mimi ni kinyume, nikasema. Akatikisa kichwa, akapiga mstari.

Kwenu kuna watu wanaotokwa damu puani ovyo? Hapo mume wangu akaniangalia, akadhani daktari amechoka. Lakini upo ugonjwa wa kurithi, unakisiwa kwa mtu mmoja katika kila 5,000, ambao mishipa ya ateri na vena huungana moja kwa moja bila ile mitandao midogo ya katikati. Puani inatoka damu mara kwa mara, na mapafuni vinatengenezwa vifundo vya mishipa iliyovimba. Hatari yake si pumzi tu. Damu inayopita hapo haichujwi, hivyo kipande kidogo kilichoganda kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.

TB, hapana. Kupikia kuni na mkaa miaka mingi ndani ya jiko lililofungwa, labda bibi yangu. Sikoseli, hapana. Safari ndefu za ndege, mguu mmoja kuvimba, damu kuganda? Hapana, ingawa aliandika kwamba natumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwani baadhi yake huongeza kidogo uwezekano huo, na damu iliyoganda ikibaki mapafuni bila kuyeyuka inaziba njia. VVU? Mume wangu akakohoa. Tulipima kabla ya ndoa na tulikuwa tumepima tena asubuhi ile. Daktari hakuwa anatutuhumu. Virusi vile vinaweza kukaza mishipa ya mapafu hata kwa mtu anayemeza dawa zake vizuri.

Halafu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akauliza: "Umewahi kutumia vidonge vya kupunguza mwili?"

KIMYA

Kuna kimya ambacho hata kiyoyozi unakisikia. Kabla ya harusi yetu nilikuwa na gauni ambalo halikunitosha kiunoni. Dada mmoja wa saluni alikuwa anauza vidonge, kichupa kina maandishi ambayo si Kiswahili wala Kiingereza, shilingi 45,000. Nilimeza miezi minne. Nilipungua kweli, gauni likafunga, picha zilitoka nzuri mpaka leo zipo ukutani sebuleni. Mchumba wangu nilimwambia ni diet na mazoezi ya Coco Beach. Sikuona kama ni uongo. Nani anamwambia mwanaume kila kitu kuhusu gauni?

"Ndiyo," nikasema. "Miezi minne."

Funguo za gari zikaacha kuchezewa.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu najua ninyi wasomaji wangu, na najua wangapi mnajiandaa kwa send-off na harusi za mwisho wa mwaka. Uhusiano wa vidonge hivi na mishipa ya mapafu si hadithi ya kutishana. Mwaka 1965 dawa ya kukata hamu ya kula iitwayo aminorex iliingia sokoni Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi. Muda mfupi baadaye hospitali za nchi hizo zikaanza kupokea wagonjwa wengi, hasa wanawake, wenye presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao kabla ya hapo daktari aliuona kwa nadra. Kufikia 1972 dawa ilikuwa imeondolewa. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo, Geneva 1973, uliitishwa kwa sababu ya balaa lile.

Ungedhani dunia ilijifunza. Wapi! Ikaja fenfluramine na ndugu yake dexfenfluramine. Mwaka 1996 utafiti mkubwa wa Ulaya ulionyesha kwamba watu waliotumia dawa za aina hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu walikuwa na uwezekano wa mara 23 hivi wa kupata presha ya mapafu kuliko wasiotumia. Mwaka huohuo Marekani ikairuhusu dexfenfluramine, na mwaka uliofuata, Septemba 1997, zote mbili zikatolewa sokoni huko, baada ya kuonekana zinaharibu na vali za moyo. Ufaransa nao walibaki na ndugu wa tatu, Mediator, iliyoandikwa kama dawa ya wenye kisukari lakini ikawa inamezwa na watu waliotaka kupungua. Daktari wa mapafu wa mji wa Brest, Irène Frachon, ndiye aliyepiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2009. Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya Servier iliyoitengeneza.

Na kile kichupa changu kilikuwa na nini? Hilo sitalijua kamwe. Mamlaka za dawa za Marekani na nchi nyingine zimeshakuta ndani ya vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba" dawa ya sibutramine, iliyotolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo na mishipa. Hata fenfluramine yenyewe imewahi kukutwa humo. Kinachoandikwa kwenye kichupa na kilichomo ni vitu viwili tofauti.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mume wangu aliongea sentensi moja, na ilikuwa kuhusu mafuta ya gari. Usiku akiwa anaosha vyombo, mgongo kwangu, akasema: "Mimi sikuoa gauni." Halafu baada ya muda: "Kama ndiyo hivyo vidonge vimekuharibu, ningependa ningekuwa nimejua, nikukataze mwenyewe." Nilitaka kumjibu kwamba asingeweza kunikataza. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshafanya uamuzi huo kwa niaba yetu wawili, na sasa alikuwa anaulipia na yeye.

TUNDU

Kumbe havikuwa vidonge.

Kipimo cha eko, ile ultrasaundi ya moyo, kilionyesha tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Nilizaliwa nalo. Kila mtoto akiwa tumboni ana njia pale, maana mapafu yake bado hayafanyi kazi, na baada ya kuzaliwa njia hiyo hujifunga. Langu lilikuwa jambo jingine, ukuta wenyewe haukujengeka wote. Aina hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na ina tabia ya kukaa kimya miaka 30 au 40 kabla ya kujitambulisha kwa kuhema kwenye ngazi.

Hapo ile hadithi ya bomba ikaeleweka. Kwa kuwa upande wa kulia wa moyo ni laini zaidi, damu iliyokwishatoka mapafuni ikiwa safi ilikuwa inavuja kutoka kushoto kwenda kulia na kupelekwa mapafuni tena. Kwa mahesabu ya daktari, mapafu yangu yalikuwa yanapitisha damu zaidi ya mara mbili ya ile iliyokuwa inakwenda mwilini. Zaidi ya miaka 30 hivyo, usiku na mchana. Mshipa ufanyeje? Utanuke.

Nilipumua, nikadhani tumemaliza. Daktari akasema bado. Swali lililobaki ndilo lililokuwa na uzito. Mishipa midogo ya mapafu ikipigwa na mafuriko kwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu huanza kujikaza na kuwa minene, presha inapanda, inapanda, mpaka inauzidi upande wa kushoto, na damu inageuza njia. Damu chafu inaingia mwilini, midomo na kucha zinageuka bluu. Daktari wa Austria aitwaye Victor Eisenmenger alimweleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1897, na mpaka leo hali hiyo inabeba jina lake. Ikishafika hapo tundu haliruhusiwi kuzibwa, kwa sababu limekuwa mlango wa dharura wa moyo.

"Na mimba?" mume wangu akauliza. Mimi nisingeweza kuuliza.

Daktari hakuzunguka. Presha ya mapafu ikiwa juu, mimba ni moja ya hali za hatari kubwa kabisa kwa moyo wa mwanamke. Vitabu vya zamani vilitaja akina mama watatu mpaka watano kufariki katika kila kumi, na ingawa siku hizi matokeo ni bora, mwongozo wa madaktari wa moyo na mapafu wa Ulaya wa mwaka 2022 bado unashauri wanawake hawa wasibebe mimba. Presha ikiwa ya kawaida, tundu likazibwa, tunaweza kuzungumza habari za watoto kama watu wengine wote. Kujua, inabidi mrija mwembamba uingizwe kwa mshipa wa pajani mpaka ndani ya mshipa wa mapafu, upime humohumo. Mwongozo huohuo umeweka mpaka kwenye wastani wa 20. Zamani ilikuwa 25.

Tulipewa tarehe, siku 16 mbele.

Sitawadanganya kwamba siku hizo tulikaa tumeshikana mikono kama picha za kwenye kurasa zetu. Usiku wa tatu nilimwambia kama presha iko juu na hatutapata mtoto, ana haki ya kufikiria upya. Alitoka nje akakaa kwenye gari saa nzima, taa zimezimwa. Niliona kutoka dirishani na sikushuka. Aliporudi alisema nisimpe tena ruhusa ambayo hajaiomba. Asubuhi shangazi akapiga, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane yeye ndiye aliyepokea simu yangu. "Shikamoo shangazi. Mke wangu anatibiwa moyo, hayo mengine tutakuambia wenyewe." Shangazi akanyamaza, akasema "pole mwanangu, mbona hamkusema?" Tangu siku hiyo anauliza kama nimekula.

Siku ya kipimo nilikuwa macho. Wanachoma sindano ya ganzi, unahisi kusukumwasukumwa tu pajani, na moyo ukiguswa unarukaruka kidogo. Kwenye skrini nilikuwa naona kitu kama uzi kinapanda. Nilisikia muuguzi akisoma namba kwa sauti, na zile namba za kwanza hazikuwa na maana kwangu. Halafu akasema, "Wastani, 19."

Nililia pale pale juu ya kitanda, daktari akaniomba nilie bila kutikisika.

Tundu liliziba wiki chache baadaye, kwa njia ileile ya pajani, bila kupasuliwa kifua. Kifaa chenyewe ni kama visahani viwili vya wavu wa waya laini vilivyounganishwa katikati, kimoja kinakaa huku, kingine kule, na ukuta unabanwa kati yake. Kwa miezi inayofuata nyama ya moyo yenyewe inaota juu yake. Kazi hii siku hizi inafanyika hapahapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Zamani wengi wenye matatizo ya moyo walikuwa wanapandishwa ndege kwenda India, wale waliobahatika.

Nimeambiwa nisubiri miezi sita kabla ya kujaribu kupata mimba, na nimeze aspirini kila siku. Imebaki miwili na nusu. Eko ya mwezi wa tatu ilionyesha upande wa kulia wa moyo umeanza kusinyaa na kurudi saizi yake. Mshipa wenyewe umepungua kidogo tu. Daktari anasema huenda usirudi kabisa, ni kama mpira wa sketi uliovutwa miaka mingi, lakini hausukumwi tena, na hilo ndilo analotaka. Alituuliza pia kama nina ndugu wa tumbo moja, maana matundu haya wakati mwingine hutembea kwenye familia. Mdogo wangu wa Mwanza, yule ambaye nyumbani tulikuwa tunamwita mvivu kwa sababu alikuwa hamalizi kufagia uwanja bila kukaa chini, ana tarehe ya eko Alhamisi ijayo.

Mwenzangu unayesoma huku unajijua, kuhema kusiko na hesabu, kuzimia ukipanda ngazi, miguu kuvimba jioni, kukohoa damu, usikubali kuambiwa ni unene au pumu bila mtu kuangalia moyo. Na kama kuna kichupa ulichowahi kumeza, mtajie daktari. Kama mume au mchumba yumo chumbani na hujamwambia, mwambie nyumbani kwanza, mkiwa wawili. Mimi sikupata nafasi hiyo.

Gauni bado lipo kabatini. Kichupa nilikitafuta nikampe daktari, sikukipata, na yule dada wa saluni alishahama.

Juzi lifti iligoma tena. Nilipanda ngazi na kijana mmoja aliyeleta tangazo la viatu, tunabishana bei ya nusu ukurasa njia nzima. Ghorofa ya tatu akashika ukingo, akasema, "Dada, naomba tusimame kidogo."